Fahamu: Chakula salama kwa mwenye kinga dhaifu

Kinga dhaifu ni nini?
Ni hali ya mwili kushindwa kupambana vizuri na vimelea, kama kwa mtu anayetibiwa saratani au mwenye VVU asiyetumia dawa.

Karanga na mahindi
Wilayani Chamwino, Dodoma, karanga hutwangwa zikatiwa kwenye mlenda. Zilizosinyaa, chungu au zenye ukungu zitupwe. Huenda zina sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 sumu hiyo, iliyokuwa kwenye mahindi, iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Punje njema kwa macho nayo yaweza kuwa na sumu hiyo, hivyo kukausha juu ya turubai ni muhimu pamoja na kuchambua.

Maziwa na nyama
Maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa. Mabichi yaweza kubeba vimelea vya brusela. Nyama ya mnadani iive hadi ndani.