Pikipiki isiyochosha

Ndugu wafanyakazi, wengi wenu mnakuja dispensari mkilalamika: «Toka ninunue pikipiki, mgongo unaniuma na vidole vinakufa ganzi.» Mara nyingi kosa si la pikipiki. Ni namna ya kuipanda.

Keti mgongo wima, viwiko vimekunjwa kidogo. Ukinyoosha mikono ili kufikia usukani, umekaa nyuma mno. Bana tanki kwa magoti. Hapo mikono haibebi mwili, inaongoza tu.

Usikaze usukani kwa nguvu. Ukiukaza, mtetemo wa injini unapanda mikononi, na damu haipiti vizuri vidoleni. Wewe unayeshika mashine ya kutoboa mawe, mikono yako imekwisha kutetemeshwa saa nyingi, usiiongezee. Vidole vikipauka wakati wa baridi, au ganzi isipotoka, njoo kwa mganga upesi.

Kabla ya kuondoka, tazama mambo matatu. Mipira: pima upepo ingali baridi, upepo ukipungua, usukani unakuwa mzito. Mnyororo: uwe na mafuta, na ulegee kama kitabu cha pikipiki kinavyosema, mara nyingi santimeta 2 hadi 3. Freni: ikamate bila kuvutwa kwa nguvu nyingi.

Vaa kofia ngumu, funga mkanda wake. Ukitoka kazi ya usiku na macho mazito, iache pikipiki, panda basi. Nanyi mama wa nyumba, mkumbusheni bwana. Raha ya pikipiki ni kufika nyumbani.