Kutoka Kibuyuni hadi Samli

Majira ya masika, malisho yanapostawi, ng'ombe hutoa maziwa mengi. Lakini ndiyo majira ambayo barabara nyingi za vijijini hujaa matope, na maziwa huchacha kabla ya kufika sokoni. Wafugaji walikwisha kupata dawa ya tatizo hilo tangu kale, nayo ni samli. Kwa nini maziwa huharibika kwa siku moja, na samli ikakaa miezi mingi?

Mafuta ya maziwa huelea kama vitone vidogo mno, kila kimoja kikiwa na utando unaokizuia kuungana na vingine. Maziwa yanaposukwasukwa kibuyuni, vitone hugongana, utando hupasuka, na mafuta hushikamana kuwa siagi. Kukiwa na joto jingi mafuta hulainika mno na siagi haishikani vema. Hivyo yafaa kusuka alfajiri.

Siagi si mafuta matupu. Katika kila gramu 100, mafuta ni gramu 80 hivi na maji ni 16. Zilizobaki ni protini, sukari na madini. Bakteria huishi katika maji hayo. Tena, maji yakisaidiwa na vimeng'enya hupasua mafuta na kutoa asidi ya butiriki, yenye harufu kali ya siagi iliyoharibika. Asidi hiyo ilichunguzwa na mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha kitabu juu ya mafuta mwaka 1823.

Basi kutengeneza samli ni kuondoa maji. Siagi huwekwa sufuriani juu ya moto mdogo. Ikiisha kuyeyuka, huchemka kwa sauti: ni maji yanayotoka kama mvuke. Wakati huo halijoto hukaa karibu na nyuzi 100 za Sentigredi, kwa kuwa joto linatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Sauti ikififia, maji yamekwisha, na halijoto hupanda upesi. Masimbi yaliyozama yakianza kuwa ya kahawia, epua mara moja. Yakiungua, samli huwa chungu. Ikipoa kidogo, ichuje kwa kitambaa kikavu, uifunike katika chombo kikavu, mbali na mwanga. Hewa na mwanga navyo huharibu mafuta.

Tahadhari mbili. Usitie maji katika samli ya moto, kwani yatageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta. Pia, maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa na kusukwa, kwani mtindi wa maziwa mabichi huweza kubeba viini vya kifua kikuu na vya brusela.

Zoezi kwa darasa, chini ya uangalizi wa mwalimu: pimeni gramu 500 za siagi ya dukani, mwandike halijoto kila dakika, kisha mpime samli. Mtapata karibu gramu 400. Chorani grafu, mweleze kwa nini mstari hutulia kabla ya kupanda.