Nchi Yetu Nayo Ipigwe Picha

Akina mama wenzetu, tukifungua albamu zetu, au siku hizi simu zetu, tunakuta nini? Harusi, ubatizo, sikukuu ya Krismasi, mtoto wa kwanza siku aliyoanza shule. Hayo ni mema, na tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini tukitafuta picha ya kisima tulichochota maji tulipoolewa, au ya mkwaju uliokuwa nyuma ya nyumba, mara nyingi haipo. Nani apige picha kitu anachokiona kila siku?

Sababu ya kuipiga ni kwamba nchi hubadilika polepole, na jicho linalotazama kila siku halitambui. Wenyeji wa Shinyanga na Geita wana ushahidi wa jambo hili karibu na milango yao.

Jangwa lililoota miti

Usukumani miti ilifyekwa tangu wakati wa ukoloni ili kuangamiza mbung'o. Baadaye ikafyekwa kwa ajili ya pamba, malisho na kuni. Hali ikawa mbaya hata Mwalimu Nyerere akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mradi huo ulifufua desturi ya wazee ya ngitili, yaani kufunga eneo la malisho mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kinapokaza. Mwanzoni zilijulikana hekta 600 hivi tu za ngitili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Aliyenufaika kwanza ni mama. Kuni zilisogea karibu, nyasi za kuezekea zikapatikana, matunda ya porini, mboga na dawa vikarudi. Lakini kijana aliyezaliwa baada ya hapo anadhani miti hiyo ilikuwepo siku zote. Asiyejua kwamba palikuwa jangwa ataikata kwa ajili ya mkaa bila kujuta. Na upande wa Geita na Kahama, ambako wachimbaji wadogo wanahitaji matimba ya kuegemeza maduara, kilima chenye miti leo kinaweza kuwa mashimo mtoto atakapomaliza shule. Maneno yetu watoto watayasahau. Picha mbili za mahali pamoja, moja ya zamani na moja ya sasa, hazina ubishi.

Mpiga picha wa Brazil, Sebastião Salgado, aliyefariki mwaka 2025, alijulikana duniani kwa picha za maelfu ya wachimbaji wa dhahabu wa Serra Pelada, alizozipiga mwaka 1986. Baadaye shamba la wazazi wake lilikuwa limechakaa kwa kukatwa miti. Mkewe, Lélia, ndiye aliyetoa wazo la kuurudisha msitu. Mwaka 1998 walianzisha taasisi ya kazi hiyo, na miti zaidi ya milioni mbili imepandwa. Wazo la mama mmoja limefunika vilima.

Kuandaa semina ya siku moja

Haihitaji fedha nyingi. Akina mama kumi na wawili wa jumuiya moja wanatosha, na simu moja yaweza kutumiwa na wawili. Tuzungumze na baba watoto mapema, na tupange nani atabaki na wadogo. Ngitili nyingine ni za familia na nyingine ni za kijiji, kwa hiyo tuombe ruhusa kwa wenyewe, na tumwarifu mwenyekiti wa kitongoji na sungusungu ili tusidhaniwe wezi wa mifugo.

Jua la adhuhuri kwetu ni kali na huharibu picha. Basi tutoke mapema, tupige mpaka saa 3 asubuhi. Mchana tukae kivulini, tule, tutazame picha pamoja na kusahihishana kwa upole. Saa 10:30 jioni turudi tena. Tumwalike bibi mmoja anayeijua miti kwa majina ya Kisukuma, atuambie na matumizi yake. Semina irudiwe mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Aprili nchi ikiwa kijani, na Septemba ikiwa kavu.

Kuinua ujuzi wetu

Kwanza, futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Mikono ya jikoni huacha mafuta, na picha hutoka na ukungu.

Pili, usivute picha kwa vidole, kwani inapoteza ubora. Sogea kwa miguu. Kwa ndege, tulia chini ya mti na umsubiri, usiguse kiota.

Tatu, gusa kwenye kioo cha simu pale unapotaka paonekane vizuri, bana viwiko ubavuni, kisha piga. Ua au mdudu mpige ukiwa umechuchumaa, usawa wake.

Nne, na hili ndilo kubwa, chagua mahali pa kudumu. Simama kwenye jiwe lile lile, uelekee mti ule ule, simu ikiwa imelala, kila Aprili na kila Septemba. Andika tarehe, jina la mahali na jina la mti.

Tano, hifadhi picha mahali pawili, maana simu huibwa na huanguka majini. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, ubora hupungua. Itume kama hati.

Tahadhari za mama

Tusiwapeleke watoto karibu na maduara yaliyoachwa, wala kwenye mialo ambako zebaki hutumika. Uzio wa mgodi mkubwa si mahali pa kupigia picha bila kibali.

Tena, simu nyingi huweza kuhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Tuzime kipengele hicho kwenye mipangilio ya kamera. Kanda yetu imewalilia watu wenye ualbino waliouawa kwa imani za kishirikina. Picha ya mtoto mwenye ualbino, ikionyesha na anapoishi, inaweza kumfikia mtu mbaya. Isisambazwe. Vivyo hivyo bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko asipigwe picha ya kuchekwa, maana tunajua uvumi wa uchawi umewafikisha wapi bibi zetu.

Mwanzo wa kazi

Mkutano ujao wa akina mama, chagueni tarehe moja na ngitili moja. Wa Geita wanaweza kuanzia ufukweni mwa ziwa, na siku wakijaliwa nauli waende hata Rubondo, kisiwa kilicho hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Baada ya miaka mitano zitandazeni picha hizo mbele ya mkutano wa kijiji. Mahali ambapo mama huwa hapewi nafasi ya kusema, picha zake zitasikilizwa.