Msasi na Mishale Yake

Wasikilizaji wetu wa Wete, msasi wa Pemba aendapo kumsaka nguruwe mwitu aharibuye mihogo, hufuatana na wenziwe, na mbwa, na mikuki. Mkuki wake ukikosa, wa mwenziwe u karibu. Lakini wako wasasi wa bara waendao mmoja mmoja kwa upinde. Nao hapana budi wajiulize kabla ya kutoka: nichukue mishale mingapi? Leo twapenda kulieleza jambo hilo, na mfano wetu ni Wahadzabe, wakaao kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania.

Mtu aweza kudhani kwamba mishale mingi ndiyo heri. Sivyo. Mhadzabe huishika mishale yake mkononi pamoja na upinde, bila podo. Tena huchukua shoka, maana akimwona yule ndege aongozaye watu kwenye asali, humfuata, akaupanda mti na kulipasua shimo la nyuki. Mishale ikizidi kiganja, hunasa katika miiba na kugongana. Swala akisikia mlio huo hukimbia.

Basi yeye huchagua kwa kufuata kazi. Kwanza huchukua mishale ya mti mtupu, isiyo na chuma, kwa ndege na wanyama wadogo; huo ukipotea si hasara kubwa. Pili, mishale ya chembe za chuma, kwa wanyama walio wakubwa kuliko hao. Tatu, mishale ya sumu, kwa wanyama kama pundamilia na twiga. Sumu hupikwa kwa utomvu wa mti mfupi wenye shina nene, hata ikawa nzito na nyeusi. Kisha chembe hufungwa ngozi.

Mshale wa sumu ukiingia barabara, mmoja hutosha. Msasi hamfukuzi mnyama. Hungoja saa nyingi, ndipo afuate nyayo na damu. Akifanya haraka, mnyama huzidi kwenda mbali, na watoto kambini hulala njaa. Nyama huliwa, ila ile iliyozunguka jeraha hukatwa ikatupwa. Lakini sumu hiyo hiyo ikiingia katika mchubuko wa mkono wa msasi, yaweza kumwua. Kwa hiyo kila mshale wa sumu auongezao ni hatari aichukuayo mwenyewe.

Tena mshale uliokosa hautupwi. Huutafuta majanini, na ukiwa umepinda huunyosha kwa meno.

Mvuvi wetu wa Wete afahamu haya bila kuambiwa. Atokapo kwa mshipi, hutazama kwanza ni samaki gani anaowaendea, ndipo achague ndoana, wala hajazi chombo kwa hofu ya kukosa. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuuliza, "Vingapi?", ulizeni kwanza, "Kwa kazi gani?"