Je, Wajua? Rosasia Hujificha kwenye Ngozi Nyeusi

Rosasia, maradhi yanayofanya uso uwe mwekundu na kutoa vipele kama chunusi, huwapata watu weusi pia. Ila wekundu wenyewe hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, basi wengi huambiwa ni chunusi tu. Afadhali kuangalia dalili nyingine: mashavu na pua kuwaka moto ukiwa juani. Kwa kuwa jua huchochea rosasia, jipake mafuta ya kukinga jua; yale yenye zinki oksaidi, SPF 30 au zaidi, yasiyo na manukato, aghalabu hayawashi; yapakwe upya kila saa 2 ukiwa nje. Huacha weupe usoni, kero kwelikweli, lakini yapo yenye rangi ya kahawia. Na wewe unayependa kukaa dirishani kwenye daladala, miale ya jua iitwayo UVA hupenya kioo, basi jipake hata humo.