Si Tamaa, Ni Homoni

Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Ukweli wa methali hii niliuona mwaka jana katika zizi letu hapa Nyeri.

Jioni moja nilisahau kufunika ndoo ya molasi, ile tunayonyunyizia nyasi kavu ili zilike vizuri. Usiku ng'ombe wetu Nyange alikata kamba, akailamba karibu yote. Asubuhi tulimkuta amelala chini, tumbo limevimba, maziwa hakuna. Na hayo maziwa ndiyo karo yangu! Baba akasema, "Tamaa mbele, mauti nyuma." Mimi nilinyamaza tu, maana kosa lilikuwa langu.

Lakini je, ni tamaa kweli? Nilimwuliza mwalimu wetu wa Biolojia, nikasoma pia, nikapata haya.

Mnyama akiwa na njaa, tumbo lake hutoa homoni iitwayo grelini. Iligunduliwa mwaka wa 1999 na Wajapani Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao. Homoni hii hufika ubongoni na kuuamrisha, "Tafuta chakula!" Katika maabara, panya waliodungwa grelini walijitahidi zaidi ili wapate sukari. Ulimi ukishaonja utamu, ubongo hutoa dopamini, kemikali inayomsukuma mnyama kurudia alichofanya. Hapo ndipo mchovya asali huchovya tena.

Breki pia zipo. Mafuta ya mwilini hutoa leptini, iliyogunduliwa mwaka wa 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York, Marekani. Leptini pamoja na insulini ya kongosho huuambia ubongo, "Yatosha." Shida ni kwamba breki hizi ni za polepole, nayo ndoo huisha upesi. Katika msitu wa Mlima Kenya utamu ni haba, tunda hapa, ua pale. Hakuna ndoo nzima.

Paka wetu naye hakuigusa molasi. Ati ana adabu? La! Mwaka wa 2005 wanasayansi walieleza kwamba jeni yake ya kuonja utamu ni mbovu.

Nyange alipona. Daktari wa mifugo alimpa dawa ya kupunguza asidi, kwani sukari nyingi ikichachuka tumboni hugeuka asidi kali. Wenzangu mnaofuga Karatina, Othaya na Mweiga, funikeni molasi. Ng'ombe akishaonja, wa kumzuia ni wewe.