Je, Wajua? Mbigili, Ringi na Tairi Linalobana

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa baiskeli ya milimani mkoani Singida si mlima? Mteremko wa Sekenke unatisha, na mawe yanayozunguka Singida mjini si ya mchezo, lakini anayewalaza watu njiani ni mbigili. Ni mmea unaotambaa ardhini, wenye maua madogo ya njano, unaopenda mahali palipokanyagwa: pembezoni mwa njia, viwanja vya mnada, malisho yaliyochoka. Wataalamu huuita Tribulus terrestris. Tunda lake likikauka hupasuka vipande 5, na kila kipande kina miiba miwili mirefu iliyokaa kwa namna ambayo, kikianguka vyovyote vile, mwiba mmoja hubaki umeelekea juu. Unangoja tairi lako tu.

Huko Marekani mmea huu ni mgeni, na umewatesa waendesha baiskeli kiasi kwamba mwaka 1961 serikali iliingiza fukusi kutoka nje wale mbegu zake. Katika mji wa Boise, jimbo la Idaho, tangu 2018 wapanda baiskeli wana tamasha lao la kila mwaka lililopewa jina la mmea huo, na kabla ya sherehe watu hutoka na magunia kwenda kuung'oa. Huku kwetu mbigili ni mwenyeji, hana wa kumfukuza. Wafugaji nao wana sababu zao za kuulaumu: nchini Afrika Kusini imejulikana kwa muda mrefu kwamba kondoo wakiula kwa wingi huvimba kichwa na kuungua ngozi kwa jua.

Na mbigili si peke yake. Kuna migunga ya kila aina, na kuna mtunduru, ambao mwiba wake hutoboa hata tairi la trekta. Mkoa wenye msimu mmoja wa mvua na vichaka vikavu vya Itigi ni mkoa wa miiba, na fundi baiskeli wa Manyoni au Kiomboi hakosi riziki.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuendesha na mwiba ndani ya tairi siku nzima bila kusimama? Hapo ndipo linapoingia tairi lisilo na tyubu, au tyubulesi kama madereva wanavyosema. Magari yalitangulia zamani: Frank Herzegh wa kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani alipata hataza yake mwaka 1952. Baiskeli za milimani zilisubiri hadi 1999, pale kampuni tatu za Ufaransa, Mavic, Michelin na Hutchinson, zilipoleta mfumo mmoja wa ringi na tairi zinazoshikana bila tyubu. Muda si mrefu fundi mmoja wa jimbo la New York, Stan Koziatek, akaeneza njia rahisi zaidi: utepe wa kuziba matundu ya spoki, valvu ya kufunga kwa nati, na maji meupe ya utomvu wa mpira yanayomiminwa ndani. Mwiba ukiingia, upepo unasukuma maji hayo kwenye tundu, yanaganda, safari inaendelea. Siku hizi hata kwenye mashindano ya njia za changarawe, kama yale ya Maasai Mara nchini Kenya yaliyoanza 2021, tyubu hubaki ndani ya mkoba kama akiba.

Lakini kuna gharama yake. Tairi hili halina tyubu ya kulishikia upepo, kwa hiyo mdomo wake wenyewe lazima ubane ringi kisawasawa. Likilegea, linavuja. Likibana, halivuji, lakini kuliingiza ni kazi ya kutoa jasho. Vijana wengi hulaumu tairi, wengine hulaumu mikono yao. Mara nyingi anayestahili lawama ni yule aliyesahau mfereji.

Je, wajua kwamba ringi ina mfereji katikati, na kwamba siri yote imo humo? Chungulia ndani ya ringi tupu: pembeni kuna mabega mawili ambapo mdomo wa tairi hukaa, na katikati pameshuka kidogo. Sasa kumbuka hesabu za shuleni. Ukipunguza nusu kipenyo cha duara kwa milimita 1 tu, mzunguko wake unapungua milimita 6 na ushee. Mfereji ukiwa chini ya bega kwa milimita 3, mdomo wa tairi ukiingia humo pande zote unapata nafasi ya milimita 18 hivi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya tairi linaloingia kwa dole gumba na tairi linalovunja liva, kile kijiti cha kunyanyulia mdomo wa tairi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Upande wa kwanza wa tairi huingia bila ugomvi. Upande wa pili anzia mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, kamwe usianze hapo. Sababu ni moja tu: shina la valvu limekaa ndani ya mfereji, kwa hiyo mahali pale mdomo hauwezi kushuka, ukianzia hapo umejinyima nafasi mapema. Ukifika nusu, simama. Rudi nyuma kule ulikoanzia, binya tairi kwa viganja vyote viwili ili midomo yote miwili ianguke kwenye mfereji, kisha vuta ulegevu huo taratibu kuelekea valvu, kushoto na kulia, kwa mkono uliobana. Rudia. Utaona sehemu iliyobaki inafupika kidogo kidogo, shubiri moja, nusu shubiri, na mwisho kipande cha vidole vinne kinachokataa katakata. Hapo watu wengi hukimbilia bisibisi, na hapo ndipo wanapoharibu. Paka maji ya sabuni kwenye kipande hicho, sukuma valvu ndani kidogo, rudi tena nyuma ukahakikishe mdomo haujapanda begani, halafu sukuma kwa kitako cha kiganja, si kwa ncha za vidole. Likizidi kukataa, tumia liva ya plastiki. Chuma hukwaruza ringi na kuchana utepe, na utepe ukichanika upepo utatokea kwenye matundu ya spoki, utafute pancha wiki nzima usiione.

Utepe nao una visa vyake. Fundi akiuzungusha mara mbili au tatu ili awe na uhakika, sakafu ya mfereji inapanda, na kile alichokiongeza kwa unene kinarudi mara 6 kwenye mzunguko. Ringi iliyokuwa inapokea tairi vizuri inageuka ngumu. Kama tairi limekukatalia kabisa, kabla ya kulaani kiwanda hebu hesabu mizunguko ya utepe.

Jua la Singida hapa ni rafiki. Tairi zinazouzwa zikiwa zimekunjwa hazina waya mdomoni; zina nyuzi za aramidi, jamii ya Kevlar, uzi ambao mkemia Stephanie Kwolek aliugundua mwaka 1965 na ambao leo umo pia kwenye fulana za kuzuia risasi. Uzi huo hautanuki, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba utaulegeza kwa kuuvuta. Kinacholainika juani ni mpira na kitambaa chake. Lianike nusu saa, mikunjo ifunguke, ndipo uanze.

Je, wajua kwamba ringi ya tairi la 29 inaweza kuwa ndogo kuliko ringi ya tairi la 28? Si utani. Baiskeli kubwa ya mizigo, Phoenix au Swala, ile inayobeba gunia la alizeti au tenga la kuku, hutumia tairi la inchi 28 kwa 1½, na ringi yake kipenyo chake pale mdomo unapokaa ni milimita 635. Baiskeli ya milimani iliyoandikwa 29 ina milimita 622. Ndogo kwa milimita 13 nzima! Zile inchi hupimwa kwa nje, juu ya mpira, na kila zama zilikuwa na mpira wa unene wake. Kwa hiyo mtu anayehangaika kulivalisha tairi la 29 kwenye ringi ya Phoenix hana tatizo la kubana, ana tatizo la kusoma. Hata 26 ni mtego: ya milimani ni 559, ya baiskeli fulani za zamani za mjini ni 590. Kwenye baiskeli za mtumba usiangalie inchi. Tafuta ubavuni namba mbili zenye kistari katikati, mfano 57-622. Ya pili ndiyo yenye ukweli.

Tairi likishaingia kuna mtihani wa pili, nao ni kulipandisha mabegani. Pampu ya mkono hupuliza polepole, upepo unatorokea pembeni kabla mdomo haujakaa. Linalotakiwa ni pigo moja kubwa la upepo. Fungua kile kisindano cha ndani ya valvu ukitoe ili njia iwe pana, nenda kwa fundi wa bodaboda mwenye kompresa, mwombe apulize kwa ghafla. Utasikia pa! kisha pa! ya pili, hiyo ni midomo inapanda. Angalia ule mstari mwembamba ubavuni mwa tairi. Ukiwa sawa na ringi mzunguko wote, limekaa. Lakini kompresa ya gereji haijui baiskeli: kwa sekunde chache inaweza kuvuka kiwango ambacho ringi inavumilia. Kiwango cha juu kimeandikwa kwenye tairi na mara nyingi kwenye ringi pia. Vikitofautiana, fuata kilicho kidogo.

Kama kompresa iko mbali, ipo njia ya wazee wa kazi. Weka tyubu ya kawaida ndani, jaza, acha usiku mmoja. Asubuhi toa upande mmoja tu, chomoa tyubu, funga valvu ya tyubulesi. Upande uliobaki umekwisha kaa, kwa hiyo pampu ya miguuni sasa ina upande mmoja tu wa kupambana nao. Ndipo umimine yale maji meupe, yaani dawa ya kuziba, mililita 60 hadi 120 kulingana na unene wa tairi, uzungushe gurudumu na kulilaza kila ubavu. Mitungi midogo ya gesi ya kabonidioksidi wanayobeba wasafiri isitumike wakati huu: gesi hiyo hutoka ikiwa baridi kali na kuigandisha dawa nyingi kabla haijaona mwiba.

Je, wajua kwamba pampu ile ile hufanya kazi zaidi Singida kuliko Dar es Salaam? Singida mjini iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni mdogo kwa takriban asilimia 16. Kila unaposukuma, unaingiza upepo kidogo kuliko mwenzako wa pwani. Mipigo 5 ya Dar inahitaji mipigo 6 ya Singida. Na kinyume chake: tairi lililojazwa Dar likipakiwa kwenye basi hufika Singida likiwa gumu zaidi kwa kama PSI 2, bila mtu kuligusa. Kwa tairi la gari si kitu. Kwa tairi la milimani linaloendeshwa kwa PSI 25 utaisikia tofauti hiyo kwenye mawe.

Je, wajua kwamba kisamvu cha mpira kilikuja nchini kwa ajili ya matairi? Mti wake, Manihot glaziovii, asili yake ni Brazil. Wajerumani waliupanda kwa mashamba makubwa kwa sababu ya utomvu wake, wakati dunia ilipokuwa na kiu ya mpira. Mwaka 1913 bei ikaanguka, mpira wa Asia ukashinda, mashamba yakatelekezwa. Watu wakabaki na majani wakayatia nazi na karanga. Utomvu ulio katika dawa nyingi za kuziba leo hutoka kwenye mti mwingine wa Brazil, Hevea brasiliensis, ule ule uliopandwa Asia na kuangusha mashamba hayo.

Utomvu huo hukauka. Watengenezaji wengi husema miezi 2 hadi 6, na kwenye kiangazi cha Singida tegemea ile 2. Tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji, ongeza.

Je, tyubulesi inamfaa kila mtu? Hapana. Ukiwa na baiskeli ya milimani yenye ringi ya tyubulesi, na njia zako ni za Mkalama au Ikungi kiangazi, hangaika nayo mara moja, utapumzika miezi. Ukiwa na Phoenix ya kubebea maji na mkaa, usidanganywe na mtu: ringi yake haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nunua tyubu nene, mwambie fundi akulazie ndani kipande cha tairi kuukuu, na ubaki na vibandiko mfukoni.